Wenyeji na wa Kuja: Mafungunyota ya Kale na Historia ya Njia Nyeupe

Lugha yetu ilikuwa na jina la fungunyota muda mrefu kabla sisi walimu wa fizikia hatujaanza kuhangaika na istilahi. Jina hilo ni Kilimia, kile kikundi cha nyota ndogo zilizobanana ambacho wakulima wa zamani walikitazama ili wajue majira, wakasema kwamba kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nimeanza na Kilimia ili nikiweke pembeni mapema. Nyota zake, ambazo ni zaidi ya elfu moja ukihesabu na zile zisizoonekana kwa macho, zina umri wa takriban miaka milioni 100 tu, nazo ziko jirani nasi, umbali wa miaka ya nuru 440 hivi (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja). Kwa hesabu za galaksi huyo ni mtoto aliyezaliwa jana katika nyumba ya pili, na mtoto wa jana hawezi kukusimulia ukoo ulitoka wapi.

Wanaoweza kusimulia ni mafungunyota ya aina nyingine, ambayo nitayaita mafungunyota tufe kwa sababu ya umbo lake. Kila moja lina nyota kuanzia makumi ya maelfu hadi zaidi ya milioni moja, zimesongamana katikati na kupungua kuelekea pembeni, zote zikishikiliwa na mvutano wao wenyewe. Katika Njia Nyeupe, galaksi ambamo Jua letu limo, yanajulikana zaidi ya 150. Mengi yana umri wa kati ya miaka bilioni 11 na 13, yaani umri wake ni zaidi ya mara mbili ya umri wa Dunia yenyewe, ambayo ina miaka bilioni 4.5.

Niliona la kwanza kwa makusudi katika mwezi wa Juni, masika yalipokwisha kukatika, nikiwa nyumbani Kibosho, juu ya mji wa Moshi. Nina darubini ya macho mawili ambayo niliinunua kutoka kwa mpagazi mmoja aliyekuwa ameachiwa na mgeni wake baada ya kushuka mlimani. Kioo kimoja kina mkwaruzo, lakini kwa kazi hii inatosha. Usiku ule umeme ulikatika, jambo ambalo kwa kawaida hunikera, ila mara hii lilinisaidia, kwa kuwa taa za mji chini yetu zilizimika zote na upande wa kusini, juu ya tambarare za miwa, anga likabaki jeusi. Kwa anayetaka kujaribu, njia ni hii: mlima uwe mgongoni, saa mbili au saa tatu usiku, utafute zile nyota mbili angavu zinazoelekeza kwenye Msalaba wa Kusini. Ile iliyo karibu zaidi na Msalaba ndiyo ya kuanzia. Kutoka hapo panda juu, upite nyota moja ya wastani, uendelee umbali unaokaribiana na huo, na utakuta doa la ukungu lisilo kali kama nyota. Hilo ni Omega Centauri, lenye nyota zinazokadiriwa kufika milioni 10, katika umbali wa karibu miaka ya nuru 17,000. Ptolemaio wa Aleksandria aliliandika kama nyota ya kawaida, na Edmond Halley ndiye aliyetambua mwaka 1677, akiwa katika kisiwa cha Mtakatifu Helena, kwamba si nyota.

Shangazi yangu, ambaye ndiye mwenye nyumba na mwenye kuhifadhi habari zote za ukoo, alitoka kuangalia ninafanya nini gizani. Nilimpa darubini. Alitazama kwa muda, akauliza swali ambalo mtu aliyekulia Uchagani huliuliza kuhusu kila mgeni: "Hizi ni za hapa hapa, au ni za kuja?"

Sikuwa na haja ya kutafuta swali bora zaidi, maana hilo ndilo ambalo wanaastronomia wamekuwa wakiliuliza kwa zaidi ya miaka 60.

Kabla sijalijibu, nieleze hilo "hapa" ni wapi. Sehemu kubwa ya nyota za galaksi yetu imo ndani ya diski, bapa kama chapati, yenye kipenyo cha takriban miaka ya nuru 100,000, na nyota hizo huzunguka kitovu kwa mwelekeo mmoja. Juu ya diski hiyo, chini yake na pande zake zote, kumetanda halo, yaani eneo kubwa la umbo la tufe lenye nyota chache zilizotawanyika mno, ambazo hazifuati mzunguko wa pamoja. Nyingine huzama kuelekea kitovuni na kurudi nje, nyingine hukata diski kwa wima, na nyingine huenda kinyume kabisa na wenzake. Nyota za halo ni sehemu ndogo sana ya nyota zote za galaksi, na pengine ndiyo sababu watu hawaizungumzii. Lakini diski ni kama barabara kuu ya mji: imekarabatiwa mara nyingi hata huwezi kujua ilivyokuwa mwanzo. Halo haikufanyiwa ukarabati. Nyota zilizowekwa huko zimebaki na mwendo zilioingia nao, na mafungunyota tufe mengi yamo humo.

Mafungunyota haya yalitufundisha jambo jingine kwanza. Mwaka 1918 Harlow Shapley, aliyefanya kazi katika kituo cha Mount Wilson huko California, alitumia nyota zinazobadilika mwangaza ndani ya mafungunyota tufe kukadiria umbali wake, akijenga juu ya kanuni ambayo Henrietta Leavitt alikuwa ameigundua kuhusu nyota za namna hiyo. Ilikuwa imekwisha kuonekana kwamba mafungunyota haya hayakutapakaa sawasawa angani. Karibu theluthi yake yamejazana upande mmoja, katika kundinyota la Mshale. Shapley alihoji hivi: ikiwa mafungunyota yanazunguka kitovu cha galaksi, basi kitovu kiko huko Mshale, nasi tuko pembezoni. Umbali aliotoa ulikuwa mkubwa kupita kiasi, kwa sababu hakujua vumbi la angani linafifisha mwanga kiasi gani. Leo tunajua kwamba Jua liko karibu miaka ya nuru 26,000 hivi kutoka kitovuni. Hata hivyo hoja yake ilikuwa sahihi, na mimi huipenda kuliko ugunduzi mwingi wenye mitambo ya gharama kubwa, kwa sababu aliipata kwa kuangalia tu wanaukoo wamekusanyika wapi ili ajue boma liko wapi.

Sasa, kwa nini fungunyota liwe shahidi bora kuliko nyota moja moja za halo, ambazo ni nyingi zaidi? Jibu ni umri. Nyota ndogo iliyo peke yake hukaa mabilioni ya miaka bila kubadilika sana kwa sura, hivyo ukiiuliza imezaliwa lini ni vigumu ikupe jibu la maana. Fungunyota ni rika. Nyota zake zilizaliwa karibu wakati mmoja kutokana na wingu moja la gesi, zikiwa na ukubwa tofauti, na ukubwa huo ndio unaoamua kila moja itaishi muda gani. Mtu angetarajia kwamba nyota kubwa, yenye haidrojeni nyingi, ndiyo idumu. Kumbe ni kama moto wa msibani unaoteketeza mkokoteni mzima wa kuni kwa usiku mmoja, ilhali kaa moja lililofukiwa majivuni hukutwa asubuhi lingali hai. Nyota yenye uzito wa Jua huishi miaka bilioni 10 hivi. Kwa hiyo mtafiti huzipanga nyota za fungunyota kwa rangi na mwangaza, kisha hutazama ni nyota za ukubwa gani zinazoanza sasa kuacha mstari wa maisha ya kawaida na kuvimba kuwa majitu mekundu. Katika mafungunyota ya kale kabisa, zinazofikia hatua hiyo ni nyota zenye takriban asilimia 80 ya uzito wa Jua. Za ukubwa wa Jua zilikwisha kupita zamani. Umri kamili bado hubeba shaka ya mamia ya mamilioni ya miaka, na pengine zaidi, lakini kujua fungunyota lipi limelitangulia lipi ni jambo linalofanyika kwa uhakika mkubwa zaidi, na katika habari za ukoo hilo la kutanguliana ndilo lenye uzito.

Ushahidi wa pili ni kemia. Wanaastronomia wana mazoea, yanayomfanya kila mwalimu wa kemia agune, ya kuita "metali" elementi yoyote iliyo nzito kuliko heli, hata oksijeni. Metali hizo hazikuwapo ulimwengu ulipoanza. Zilipikwa ndani ya nyota na kumwagwa angani nyota zilipolipuka au kufa, kisha zikaingia katika nyota za kizazi kilichofuata. Galaksi kubwa ina mvutano wa kutosha kuzuia gesi hiyo isitoroke, na huzaa nyota kwa kasi, hivyo metali zake huongezeka haraka. Galaksi kibete ni chungu kinachovuja: kila mlipuko hufukuza sehemu ya gesi, na mchuzi wake hukawia kukolea. Matokeo yake ni kwamba ukilinganisha mafungunyota mawili ya umri mmoja, moja lililozaliwa katika galaksi kubwa na jingine katika galaksi kibete, hilo la pili litakuwa na metali chache zaidi. Ni kama lafudhi. Huku kwetu mtu akifungua kinywa kwa Kichaga, hata kabla hajataja jina lake, tunajua kama ametokea Machame au Rombo, na hata akikaa Kibosho miaka 40 bado kuna neno moja litakalomtaja.

Mwaka 1962 Olin Eggen, Donald Lynden-Bell na Allan Sandage walitoa maelezo ya kwanza yaliyopata nguvu kuhusu asili ya halo. Walitazama nyota zenye metali chache karibu na Jua, wakaona kwamba mizunguko yake ni mirefu na myembamba, wakahitimisha kwamba galaksi ilitokana na wingu moja kubwa la gesi lililoporomoka lenyewe kwa haraka. Nyota zilizozaliwa wakati wa kuporomoka ndizo halo, na gesi iliyobaki ikatulia kuwa diski. Kwa lugha ya shangazi, wote ni wa hapa hapa.

Miaka 16 baadaye, mwaka 1978, Leonard Searle na Robert Zinn walileta jibu lililo kinyume, na hao hawakutumia nyota moja moja bali mafungunyota tufe. Hoja yao ilikuwa rahisi. Kama halo yote ilitoka katika wingu moja lililokuwa likiporomoka, basi mafungunyota ya mbali, yaliyozaliwa mwanzo, yangekuwa na metali chache kuliko ya karibu, na umri wake usingetofautiana sana. Walipopima, hawakuona metali zikipungua kadiri mtu anavyokwenda mbali katika halo ya nje. Mafungunyota ya kila aina yalikuwa yamechanganyika. Zaidi ya hapo, yalikuwapo mafungunyota yenye kiasi kimoja cha metali lakini yenye nyota zilizojipanga tofauti kwa rangi, jambo walilolieleza kuwa ni dalili ya kupishana kwa umri. Wakasema halo ya nje ilijengwa kwa vipande vidogo vilivyoendelea kuingia kwa muda mrefu baada ya sehemu ya ndani kukamilika. Hawakuwa na kompyuta ya kuiga ulimwengu, wala hawakuwa wamekishuhudia hata kipande kimoja kikiingia.

Kipande hicho kilionekana mwaka 1994. Rodrigo Ibata, Gerard Gilmore na Michael Irwin walikuwa wakipima kasi za nyota kuelekea kitovu cha galaksi, wakakuta kundi la nyota zinazokwenda pamoja kwa kasi isiyofanana na ya nyota zilizo mbele yake. Ilikuwa galaksi kibete, imejificha nyuma ya msongamano wa Mshale, ikiwa katikati ya kupasuliwa na mvutano wa Njia Nyeupe. Na katikati yake kabisa limo fungunyota ambalo Charles Messier alikuwa ameliorodhesha tangu 1778, M54, ambalo kwa zaidi ya miaka 200 kila mtu alilihesabu kuwa mali ya galaksi yetu. Liko umbali wa karibu miaka ya nuru 87,000. Mafungunyota mengine kadhaa, kama Terzan 7, Terzan 8, Arp 2 na Palomar 12, nayo yametambuliwa kuwa yalikuja na galaksi hiyo hiyo. Palomar 12 lilikuwa limewashangaza watu kwa muda mrefu kwa udogo wa umri wake likilinganishwa na wenzake wa halo. Lilipojulikana nyumbani kwao, mshangao ukaisha.

Baada ya hapo ushahidi wa umri na metali ulianza kuunganishwa. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti uliotumia darubini ya anga ya Hubble kupima umri wa mafungunyota 64 kwa njia moja, ili yaweze kulinganishwa kwa haki. Yakagawanyika makundi mawili: moja la mafungunyota ya kale ambayo umri wake unakaribiana bila kujali metali, na jingine ambalo kadiri metali zinavyoongezeka ndivyo umri unavyopungua. Mwaka uliofuata Duncan Forbes na Terry Bridges walikadiria kwamba karibu robo ya mafungunyota yote yaliingia kutoka galaksi vibete. Mchoro wa makundi hayo mawili, umri upande mmoja na metali upande mwingine, ndio ambao ningependa kila mwanafunzi wa kidato cha sita auone, kwa sababu mistari miwili inayotengana kwenye karatasi ni vyungu viwili vya ukubwa tofauti, na huhitaji hesabu ngumu ili uione.

Ushahidi wa tatu ni mwendo, na huo ulikawia kwa sababu kupima mwendo wa kitu kilicho mbali hivyo kunahitaji kugundua kusogea kudogo kupita kiasi angani. Yeyote aliyewahi kuwa Kilimanjaro mwezi wa Desemba ataelewa kwa nini mwendo una thamani. Wiki ya Krismasi vijiji vyetu hufurika: waliotoka Dar es Salaam, waliotoka Mwanza, waliotoka Nairobi, na sisi tulioko mwaka mzima, wote tumechanganyika kanisani, kwenye nyama na kwenye mbege. Ukituangalia tulipokaa huwezi kututenganisha. Lakini ukimfuatilia kila mmoja anavyoondoka, kwa njia ipi na kwa haraka gani, makundi yanajitenga yenyewe. Galaksi inapomezwa, nyota na mafungunyota yake hutawanyika angani pote katika miaka bilioni chache, ila nishati ya mzunguko wa kila kimoja na kiasi chake cha kuzunguka kitovu hubadilika polepole sana. Waliokuja pamoja huendelea kufanana kwa mwendo hata baada ya kusahauliana kwa mahali.

Chombo cha Gaia cha Shirika la Anga la Ulaya kilirushwa Desemba 2013, na tarehe 25 Aprili 2018 kilitoa orodha yake ya pili, yenye vipimo vya mwendo kwa zaidi ya nyota bilioni moja. Kwa mara ya kwanza mizunguko ya karibu mafungunyota yote ya Njia Nyeupe ikajulikana. Mwaka huo huo makundi mawili ya watafiti yalifikia habari moja kwa njia mbili: kwamba sehemu kubwa ya nyota za halo iliyo karibu nasi ilitoka katika galaksi moja iliyogongana na yetu kati ya miaka bilioni 8 na 11 iliyopita. Kundi la Vasily Belokurov liliita mabaki hayo Soseji, kwa sababu ya umbo lake kwenye mchoro wa kasi. Kundi la Amina Helmi liliita galaksi hiyo Gaia-Enceladus, kwa jina la jitu la hadithi za Wayunani lililosemwa kuwa limezikwa chini ya mlima wa volkano na kuitikisa ardhi. Sisi tunaoishi chini ya volkano iliyolala hatuna budi kulipendelea jina la pili. Mafungunyota yake huenda mbali nje kisha hutumbukia karibu na kitovu kwa njia zilizonyooka kama za kamba ya bembea. Mojawapo, M79, linaonekana kwa darubini kama yangu katika usiku wa Desemba, chini ya Jabari, katika kundinyota la Sungura, kwa hiyo Krismasi mtu anaweza kutazama mgeni huku akiwa amezungukwa na wageni.

Hapo ndipo pangekuwa mahali pazuri pa kumalizia habari, kama habari yenyewe ingekuwa imemalizika. Mwaka 2019 Davide Massari, Helmer Koppelman na Amina Helmi walitumia mizunguko, umri na metali kwa pamoja kugawa mafungunyota 151 kwa koo zake. Walipata kwamba takriban asilimia 40 yalizaliwa hapa hapa, na karibu asilimia 35 yanaweza kuhusishwa na galaksi zilizojulikana kumezwa, Gaia-Enceladus ikiwa na fungu kubwa kuliko zote. Lakini yalibaki mengine, asilimia 16, yanayozunguka ndani sana karibu na kitovu, ambayo hayakuonekana kuwa ya mwenyeji wala ya mgeni anayejulikana. Diederik Kruijssen na wenzake, wakilinganisha mafungunyota na mifano ya kompyuta, walikwisha kupendekeza galaksi nyingine iliyomezwa zamani zaidi, wakaiita Kraken kwa jina la dubwana la baharini. Halafu mwaka 2024 Belokurov na Andrey Kravtsov, wakitumia uwiano wa alumini na chuma kama kipimo cha kutofautisha makundi, alumini ile ile ya sufuria zetu, walisema kwamba karibu theluthi mbili ya mafungunyota yote ni wenyeji, pamoja na mengi ya lile kundi la ndani.

Tofauti kati ya asilimia 40 na theluthi mbili si ndogo, na nadhani chanzo chake kinaeleweka. Galaksi yetu ilipokuwa changa, kabla diski haijatulia na kuanza kuzunguka kwa utaratibu, mafungunyota yaliyozaliwa ndani yake yalipata mwendo wa vurugu. Ukiangalia mwendo tu, mwenyeji wa enzi ya vurugu anafanana na mgeni. Mimi, kama msomaji wa nje ambaye hana hisa kwenye kesi, naegemea upande wa kemia zaidi kuliko upande wa mwendo kwa yale yaliyoko ndani, kwa sababu mvutano wa kitovuni huvuruga mizunguko lakini hauwezi kubadilisha alumini iliyokwisha kuingia ndani ya nyota. Kwa yale ya mbali, mwendo unatosha. Ninapoona mchoro wenye rangi sita, kila rangi galaksi moja iliyomezwa na kila nukta imepewa ukoo wake bila kusita, hunijia kumbukumbu kwamba M79 lenyewe liliwahi kuhesabiwa katika ukoo wa kundi la nyota la Mbwa Mkubwa kabla halijahamishiwa Gaia-Enceladus.

Omega Centauri nalo ni kesi ya peke yake. Nimesema kwamba fungunyota ni rika moja. Hili si rika moja. Nyota zake zina metali za viwango vingi na umri unaopishana, nalo huzunguka galaksi kinyume na mwelekeo wa diski. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba hilo si fungunyota la kawaida bali ni kiini cha galaksi kibete ambayo nyama yake yote iliyozunguka kiini imekwisha kunyofolewa, hali ambayo M54 linaelekea kuifikia mbele ya macho yetu. Mwaka 2024 ulichapishwa utafiti uliotumia picha za Hubble za zaidi ya miaka 20, uliokuta nyota saba karibu na kitovu cha Omega Centauri zikienda kwa kasi ambayo ingezitupa nje kama pasingekuwa na kitu kizito cha kuzishikilia. Uzito wake umekadiriwa kuwa si chini ya mara 8,200 ya Jua, na anayedhaniwa ni shimo jeusi. Shimo jeusi la ukubwa huo ndilo ambalo mtu angetarajia kulikuta katikati ya galaksi ndogo. Kuhusu ni galaksi ipi, wengine husema Gaia-Enceladus, wengine husema nyingine iitwayo Sequoia.

Kuna na mashahidi waliokwisha kufa. Palomar 5, fungunyota dhaifu la halo, lilionekana mwaka 2001 likiwa na mikia miwili ya nyota inayotoka mbele na nyuma yake, kwa kuwa mvutano wa galaksi unalivua nyota moja baada ya nyingine. Litaisha, na litabaki mkondo mwembamba wa nyota, kama mfongo uliokauka katika mteremko ambao bado unaonyesha maji yalipita wapi ingawa hakuna anayekumbuka aliyeuchimba. Mikondo ya namna hiyo imepatikana mingi, na baadhi yake haina fungunyota lolote lililosalia. Kwa hiyo hesabu yoyote tunayoifanya kwa mafungunyota haya zaidi ya 150 ni hesabu ya walionusurika, na hilo husahauliwa mara nyingi katika mabishano ya asilimia.

Haya yote nilimweleza shangazi kwa mafungu, si usiku ule mmoja. Mengine Agosti, Mshale ulipokuwa juu ya vichwa vyetu nami nikimtafutia M54, ambalo kwa darubini yetu ni kidoa tu na alikataa kusema kwamba ameliona. Ukoo wetu, kwa masimulizi yake, ulikuja kutoka upande wa Ukambani, na anaweza kukuonyesha masale yaliyopandwa kuweka mpaka na waliotutangulia. Alisikiliza habari ya Omega Centauri akakubali kwamba ni wa kuja, tena mtu mkubwa kwao. Alikubali na habari ya Soseji, baada ya kucheka jina. Lililomkwaza ni lile kundi la ndani, linaloishi karibu na kitovu kuliko wote, ambalo wengine husema ni wenyeji na wengine husema ni wageni wa zamani mno.

"Wamekaa hapo muda gani?" aliniuliza.

Nilimwambia ni zaidi ya miaka bilioni 10, Shangazi.

"Sasa mpaka leo mnawauliza mpaka wao uko wapi?" Akanirudishia darubini, akaingia ndani kufunika moto.